Nani atabeba kitanda chako? Njia tatu za kupanga mzigo kwa matembezi ya hisani ya siku tatu

Ukialikwa kwenye matembezi ya hisani ya siku tatu, usiku mbili mahemani, kishawishi cha kwanza ni kwenda kununua vitu. Watu hutoka Gikomba au Toi, masoko ya mitumba ya Nairobi, na begi la lita 70, kisha hulijaza kwa sababu lina nafasi. Swali linalofaa kutangulia ni hili: kati yako wewe, gari la waandaaji na wenzako, nani atabeba hema, sufuria na matandiko? Jibu lake ndilo huamua begi liwe la ukubwa gani, utembee kwa mwendo upi, na ukifika kambini jioni uanze na kazi ipi.

Njia ni tatu. Unaweza kubeba kila kitu mgongoni mwenyewe. Unaweza kutembea na begi dogo huku begi kubwa likipelekwa kambini kwa gari. Au mnaweza kuwa watatu au wanne mkagawana vya pamoja: hema moja, jiko moja, sufuria moja. Kila njia ina watu inaowafaa, na anayesema kuna moja bora kwa wote hajauliza mnapita wapi wala mwili wako umezoea nini.

## Vigezo tutakavyotumia

Uzito wa mgongoni. Kipimo kinachotumiwa na watembeaji wengi ni kwamba mzigo wote, maji na chakula vikiwemo, usizidi asilimia 20 ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 60 anaishia kilo 12. Kwa ambaye siku zake hupita ofisini na kwenye matatu, ni busara kushuka hadi asilimia 15, yaani kilo 9.

Gharama. Usiangalie bei tu, jiulize pia kama kifaa kitatumika tena. Hela ya kununulia kitu cha siku tatu ni hela ambayo ingeingia kwenye mchango wenyewe, kwa hiyo kuazima na kukodi si aibu hata kidogo.

Asubuhi na jioni. Muda wa kukunja na kufungua kambi hukata usingizi, na asiyelala vizuri usiku wa kwanza huonekana kilomita ya 10 siku ya pili.

Mvua na baridi. Nani analowa, na kipi kinabaki kikavu?

Hitilafu. Kitu kimoja kikipotea, kikivunjika au kikichelewa, unabaki na nini mkononi?

## Mzigo wako binafsi, uwe kwa njia yoyote

Kuna karibu kilo tano ambazo ni zako, zibebwe na nani: fuko la kulalia kilo 1.2, mkeka gramu 400, sweta nzito na kofia ya sufu gramu 600, koti la mvua gramu 400, nguo za kubadilisha na soksi gramu 600, simu, pawabanki na tochi ya kichwani gramu 500, dawa, sabuni na mswaki gramu 400, sahani, kikombe na kijiko gramu 200, kandambili gramu 300, leso (khanga) gramu 200. Jumla ni kilo 4.8.

Mkeka ndio watu huuacha, na ndio haufai kuachwa. Baridi ya usiku hutoka ardhini. Fuko la kulalia likilaliwa, upande wa chini hubanwa ukapoteza hewa yake, na hewa ndiyo inayozuia baridi. Mkeka wa mazoezi wa sponji ngumu isiyonyonya maji unatosha. Usikate kipande cha godoro la kawaida: likigusa maji hujaa, na halikauki hadi mrudi mjini.

Leso moja hufanya kazi ya taulo, shuka, kizuizi cha jua shingoni na pazia la kubadilishia nguo. Ichukue leso, uliache taulo nyumbani. Taulo la kawaida la pamba ni zito zaidi na likilowa leo halikauki kesho. Shuka la Kimaasai ni zuri kambini, lakini lipime kwanza: mengine hukaribia kilo nzima.

Soksi ni jozi tatu, wala si sita. Moja ya kutembea, moja inayokauka nje ya begi, moja ya kulalia ambayo haikanyagi njia kamwe. Ziwe za sufu au mchanganyiko wenye nailoni. Pamba hushika jasho, ngozi hulainika, kisha lengelenge hutokea kisiginoni kabla ya chakula cha mchana.

Kuhusu kandambili: akala hudumu miaka, lakini mpira wa tairi ni mzito. Kwa kambini chukua zile nyepesi za sponji.

Mwisho, mifuko. Mifuko ya plastiki ya kubebea na ile bapa imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja, chupa za maji zikiwemo, haziruhusiwi katika mbuga na misitu iliyohifadhiwa. Kwa hiyo mpango wa kufungia nguo kwenye mifuko ya dukani na kununua maji ya chupa njiani haufai. Nunua mfuko mmoja usiopitisha maji, ule wa kukunja mdomo mara tatu na kufunga kwa klipu, wa lita 20 au 30, uingie ndani ya begi. Maji yawe kwenye chupa za kudumu.

## Njia ya kwanza: kila kitu mgongoni

Uzito. Kwenye kilo zako 4.8 ongeza begi la lita 50 kilo 1.6, hema la watu wawili kilo 2.2, jiko dogo la gesi na mkebe wake na sufuria gramu 900, chakula cha siku tatu kilo 2.1, maji lita 2. Jumla ni kilo 13.6. Hiyo ni asilimia 20 ya mtu wa kilo 68. Mwenye kilo 55 tayari amepita kikomo kwa zaidi ya kilo mbili na nusu, tena hajaweka kamera wala kitabu.

Uzito huo ukipangwa vibaya huonekana maradufu. Fuko la kulalia liwe chini kabisa. Vizito, yaani chakula, jiko na maji, vikae katikati, vikigusa mgongo, usawa wa kati ya mabega. Koti la mvua liwe juu, ulitoe bila kufungua begi zima. Kabla ya kuvaa, legeza kamba zote. Ukanda wa kiuno ukae juu ya mifupa ya nyonga, ukaze huo kwanza, ndipo uvute kamba za mabega hadi ziguse tu. Sehemu kubwa ya uzito ikae nyonga. Mabega yakianza kufa ganzi baada ya nusu saa, ukanda umeteremka au begi ni refu kuliko mgongo wako.

Gharama. Hii ndiyo njia ghali ukitaka wepesi, na ndiyo nzito ukitaka rahisi. Hema jipya la kilo 1.3 linauzwa bei ambayo wengi hawataitoa kwa ajili ya usiku mbili. Mitumba inasaidia, ila nunua kwa macho mawili. Usikubali kuuziwa hema lililokunjwa. Lisimamishwe papo hapo, uhesabu fito, uvute uzi wa mpira uliomo ndani ya fito uone kama bado unarudi, kisha upitishe kiganja upande wa ndani wa kitambaa. Kikinata, au kikibanduka ungaunga mweupe wenye harufu kali, utando wa kuzuia maji umeshakufa, na hakuna fundi wa kuufufua. Begi lenye klipu iliyovunjika lisikutishe: mafundi wa mabegi wa Gikomba hubadilisha klipu na kushona ukanda wakati umesimama hapo.

Asubuhi na jioni. Uhuru wako hauna mpinzani. Ukifika saa kumi, unalala saa moja. Ukitaka kuondoka saa kumi na moja alfajiri kabla ya jua, unaondoka. Kazi zote ni zako pia: kusimamisha hema, kuchota maji, kupika, kuosha, kukunja. Tenga saa nzima asubuhi mpaka uzoee.

Mvua na baridi. Hema lililolowa usiku huongeza nusu kilo hadi kilo nzima kwenye mzigo wa asubuhi, hasa kama halikukung'utwa. Likunje peke yake, lifunge nje ya begi, na mnapopumzika mchana litandaze juani dakika 20. Ukilisahau hadi jioni utalala ndani ya unyevu.

Hitilafu. Kifaa kikiharibika, kimeharibika kwako tu. Ubaya ni kwamba huna cha akiba. Kwa hiyo beba mita mbili za utepe mpana wa kunata zilizozungushiwa chupa ya maji. Hutengeneza ufito uliovunjika, soli iliyobanduka na hema lililochanika.

Kuhusu moto, tahadhari moja isiyo na mjadala. Jiko la gesi halipikiwi ndani ya hema, na jiko la makaa halilali nawe hemani hata limebaki jivu la moto. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu na huua watu waliolala. Ukihisi baridi, chemsha maji, yatie kwenye chupa imara isiyovuja, uifunge kwa soksi na uiweke miguuni ndani ya fuko.

Inamfaa nani. Aliyewahi kubeba begi zito milimani, mwenye vifaa tayari, au anayetembea njia ambayo gari haliifikii kambi. Haimfai anayetembea kwa mara ya kwanza akiwa na viatu vipya.

## Njia ya pili: begi dogo mgongoni, begi kubwa garini

Uzito. Begi dogo gramu 600, maji lita 2, chakula cha mchana gramu 600, koti la mvua gramu 400, sweta na kofia gramu 400 ukichagua nyepesi, simu, tochi na pawabanki gramu 500, dawa na plasta gramu 300. Ni kilo 4.8 tu. Kwa magoti ya mtu wa miaka 50, tofauti ya kilo tisa kwenye mteremko mrefu ndiyo tofauti ya kumaliza na kutomaliza.

Gharama. Vifaa vizito na vya bei nafuu vinafaa hapa bila shida: hema la kilo nne la kuazima, blanketi badala ya fuko. Gari nalo lina gharama: mafuta, dereva, pengine lori. Uliza kama gharama hiyo imo kwenye ada uliyolipa au inakatwa kwenye michango, na uliza kikomo cha uzito. Waandaaji wakisema kilo 15, ni 15, kwa sababu kuna mtu anayepakia na kupakua mabegi yote kwa mikono yake.

Asubuhi na jioni. Hapa ndipo njia hii hudai malipo. Gari huondoka kwa saa ya gari. Mabegi yakitakiwa saa kumi na mbili na nusu, hema lako lazima liwe limekunjwa saa kumi na mbili, hata kama kundi lako linaanza kutembea saa mbili. Jioni, ukifika mapema kuliko gari, unasubiri.

Hitilafu. Tuitangulize kabla ya mvua kwa sababu ndiyo kiini cha njia hii. Gari huchelewa. Barabara ya vumbi ikipigwa na mvua hugeuka matope na lori hukwama. Au gurudumu hupasuka. Au dereva huelekezwa lango lisilo lake. Wakati huo wewe umefika kambini na jasho limeanza kupoa mgongoni, jua linazama, na nguo zako zote kavu ziko kilomita kadhaa nyuma. Wanaopata shida ni wale waliobeba maji na biskuti peke yake kwa sababu gari lipo. Kanuni ni hii: begi dogo liwe na kila kitu cha kukuwezesha kukaa saa tatu gizani bila gari. Sweta, kofia, koti la mvua, tochi, chakula cha ziada, na dawa unazotumia kila siku. Dawa za presha, kisukari au pumu hazipandi lori hata siku moja.

Mvua na baridi. Mabegi hurundikwa. La chini hubanwa, na hema lililolowa la mtu mwingine huchuruzikia nguo zako, vumbi jekundu nalo huingia kila zipu. Kwa hiyo mfuko usiopitisha maji unahitajika hapa kuliko hata mgongoni. Begi liwe laini, lisilo na magurudumu, lisilo na kamba zinazoning'inia. Andika jina na namba ya simu kwa kalamu isiyofutika sehemu mbili, nje na ndani, kisha lifunge kitambaa cha rangi kali kwenye mkono wake. Mabegi meusi arobaini gizani hayatofautiani.

Inamfaa nani. Anayeanza, aliye na umri mkubwa, mwenye goti au mgongo unaosumbua, anayetembea na kijana wake wa shule, au yeyote ambaye lengo lake ni kumaliza njia ili waliomwahidi mchango wautoe. Pia kwa yeyote anayepita nchi ya joto, tutaona hapo chini.

## Njia ya tatu: kugawana

Uzito. Hesabu ya watu watatu: mzigo binafsi kilo 4.8, begi kilo 1.5, theluthi ya hema la kilo 3.6 ambayo ni kilo 1.2, theluthi ya jiko, gesi na sufuria gramu 500, chakula kilo 2, maji lita 2. Kila mmoja kilo 12. Ukilinganisha na 13.6 za peke yako, umeokoa kilo 1.6 tu. Wengi hushangaa, kwa maana walitarajia nusu. Sababu ni kwamba vizito vyenyewe, yaani maji, chakula na matandiko, havigawanyiki: kila mdomo una maji yake na kila mgongo una mkeka wake.

Faida kubwa huonekana kwa wenye vifaa vizito. Aliyekuwa abebe peke yake hema la mtumba la kilo 3.5 angefika karibu kilo 15. Akiingia kwenye kundi anaondoa karibu kilo tatu bila kununua chochote kipya. Kwa hiyo njia hii ni mkombozi wa wasio na pesa za vifaa vyepesi, na kwa mwenye hema la kilo moja na robo haina maana sana.

Kugawana kwenyewe kufanywe kwa mizani, kusifanywe kwa idadi ya vitu. "Wewe hema, mimi sufuria" ni dhuluma ya kilo mbili. Hema hutenganishwa: kitambaa cha ndani kwa mmoja, cha nje kwa mwingine, fito na vigingi kwa wa tatu. Na usawa si kilo sawasawa: mwenye kilo 80 achukue zaidi ya mwenye 52. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndiyo maana mizani huamua na maneno hayaamui.

Gharama. Ndogo kuliko zote mkiwa na hema moja tu kati yenu. Kumbuka tu kwamba hema lililoandikwa "watu watatu" linalaza watatu waliobanana bila mabegi. Mkiwa watatu tafuteni la wanne, na mkiwa wanaume na wanawake panga mahema mawili tangu mwanzo, hesabu ibadilike mapema badala ya kuzozana kambini.

Asubuhi na jioni. Kazi huisha haraka: mmoja anasimamisha hema, mmoja maji, mmoja moto. Lakini mnaondoka kwa mwendo wa anayechelewa kuamka.

Chakula kinastahili maneno mengi kidogo, kwa sababu hapa ndipo kundi hupata nguvu au hugombana. Sufuria ya lita 2 inatosha watatu. Sufuria zetu hazina mkono, basi beba kitambaa kinene cha kuishikia, na mfuniko uwe sahani ya mmoja. Unga wa ugali ni gramu 200 kwa mtu, yaani 600 kwa mlo. Msibebe pakiti mbili za kilo mbili kwa mazoea. Kamande huiva ndani ya nusu saa hivi na omena iliyokaangwa nyumbani ni nyepesi mno kwa shibe yake. Githeri mbichi isahauliwe kabisa. Maharagwe na mahindi hutaka masaa, na juu ya mita 2,200, kama Limuru, maji huchemka karibu nyuzi 93, hivyo gesi itaisha kabla ya sufuria kuiva. Nduma na viazi vitamu ni vitamu asubuhi lakini sehemu kubwa yake ni maji. Viliwe siku ya kwanza, usivibebe hadi ya tatu. Chapati zikipoa kabisa kabla ya kufungwa kwenye kitambaa hufika siku ya pili salama. Zikifungwa moto hutoa jasho na kuota ukungu. Njugu karanga na sukari, weka mkononi, si chini ya begi.

Mvua na baridi. Watu watatu hemani huongeza joto, na pia huongeza unyevu wa pumzi. Acheni tundu la juu wazi hata kukiwa na baridi, la sivyo asubuhi matone yanadondoka kutoka darini mwa hema na mtadhani limevuja.

Hitilafu. Udhaifu wa njia hii ni mmoja na ni mkubwa: mtu akiumia na kupakiwa kwenye gari la huduma ya kwanza, huondoka na fito za hema. Wekeni sharti kabla ya safari kwamba hakuna anayepanda gari kabla ya kutoa vitu vya kundi begini. Na kila mmoja abebe chakula chake cha mchana na maji yake, ili anayebaki nyuma asikae na njaa akisubiri sufuria iliyo mbele.

Inawafaa kina nani. Marafiki wanaotembea mwendo mmoja. Wafanyakazi wa ofisi moja ambao hawajawahi kutembea pamoja wajaribu kwanza Jumamosi moja. Mwendo wa mtu haujulikani kwa kumwona kazini.

## Mnaelekea wapi? Ndipo hesabu hubadilika

Jiji la Nairobi liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ukitoka mjini kwa miguu unaweza kupanda au kushuka. Kwa kila mita 1,000 joto hubadilika kwa nyuzi 6 hivi.

Ukipanda kuelekea Limuru, Kijabe au Kinangop, adui ni baridi na matope, hasa Juni hadi Agosti. Hapo mzigo wa maji ni mdogo, lita 2 zinatosha katikati ya vituo, lakini sweta na fuko zito havikwepeki. Njia ya kwanza na ya tatu zinawezekana. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, ongeza jozi ya soksi na usitegemee kukausha chochote.

Ukishuka Kiserian kuelekea Olorgesailie na Magadi, unateremka hadi karibu mita 600. Usiku ni wa joto, fuko la kulalia linaweza kubadilishwa na leso mbili, unaokoa kilo. Lakini mchana mtu hunywa lita 4 hadi 5, na kila lita ni kilo. Kilo 13.6 za njia ya kwanza huelekea 16. Kwa upande huo, kama waandaaji hawana gari la maji kila baada ya kilomita chache, usibebe kila kitu mgongoni hata ukiwa na nguvu. Beba pakiti za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, zinapatikana chemisti yoyote. Na ukiwa umepungukiwa na maji, epuka kumeza ibuprofen kwa maumivu ya miguu, maana huumiza figo. Parasetamoli ni salama zaidi ukifuata kipimo.

## Uchague vipi, kwa hali yako

Kama ni mara yako ya kwanza na waandaaji wana gari la mizigo, nenda na begi dogo, lakini ulipakie kana kwamba gari litachelewa kila jioni.

Kama una vifaa vyepesi tayari na mzigo wako wote haupiti asilimia 20, beba mwenyewe, hasa kama kundi kubwa linakuchosha au unapenda kuanza alfajiri.

Kama vifaa ni vya kuazima na vizito, tafuta wawili wa mwendo wako mgawane. Mkiwa na gari pia, changanyeni: hema na sufuria garini, chakula cha mchana na nguo za joto mgongoni kwa kila mtu.

Kama una ujauzito, umetoka upasuaji, au una ugonjwa wa moyo, zungumza na daktari kuhusu matembezi yenyewe kabla ya kufikiria begi. Ukiruhusiwa, ni njia ya pili.

Kama mnapita nchi ya joto, uamuzi ufuate maji. Ulizeni vituo viko kilomita ngapi kutoka kimoja hadi kingine, kisha ndipo muulize habari za hema.

Na kama umebakiwa na wiki mbili na bado unasita, pakia mzigo wa njia unayoielekea, upande nao kwenye mizani ya bafuni, utoe uzito wako, kisha uende nao msitu wa Karura, Nairobi, kilomita 15 ukiwa umevaa viatu vilevile utakavyotumia. Ukirudi, mwaga kila kitu kitandani. Ulichobeba na hukukigusa, kisipokuwa dawa, tochi au koti la mvua, kibaki nyumbani. Kama hata baada ya hapo nyonga zina michubuko au dole gumba la mguu linauma mteremkoni, mwandikie mwandaaji leo umuulize kama bado kuna nafasi kwenye gari la mizigo.